Barua Ndani ya Kibao cha Zamani

Haki ya Mungu, hili sijalitia chumvi hata chembe. Ndani ya treni, mwalimu mmoja alikumbatia kibao cha intaneti, kishikwambi cha miaka ile, akimlalamikia fundi wa kompyuta aliyeketi kando yake: “Kimeanza kujizima, na barua za marehemu mume wangu zimo humu tu!”

“Programu yake ni huria, dada, naiweka upya bure. Ila barua zitafutika.”

“Thubutu!”

“Basi tutafute kadi ya kumbukumbu, tuzihamishe kwanza.”

Mimi niliyeketi mbele yao nikadakia kwamba programu hiyo niliiandika mimi. Mwalimu akanisukumia kibao. “Ziokoe, baba!” Nikakigeuzageuza, hata pa kukiwashia sikupajua.

Fundi akacheka. “Mzee, porojo hazihamishi barua. Hiyo kamera uliyoning'iniza shingoni ina kadi?”

Nikaichomoa kadi nikampa, na picha za wajukuu zangu humohumo. Kibao kikazimika tena kabla barua hata moja haijahamishwa. Treni iliposimama, wakashuka mbio na kibao na kadi yangu, picha za wajukuu zikaondoka nao.