Tisdale ya Percy Yardley

Waliokuwapo asubuhi ile ni hawa. Bwana Walter Ogden, tuliyemwita Askofu kwa sababu hata akiomba sukari huomba kama anayehubiri. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuchora mistari ya dhahabu kwenye matangi ya petroli. Bwana Horace Pym, tuliyemwita Spoku, aliyefunga spoku za magurudumu. Bwana Gurdial Singh Bhamra, tuliyemwita Jenerali kwa ajili ya ndevu zake, mtu wa tanuri la kuyeyushia chuma. Bi Beryl Lovatt, aliyeshona viti, na ambaye siku hizi anauza chai katika dirisha lililo nyuma ya benchi letu hapa mtaa wa Foleshill. Na mimi, karani wa stoo. Sote tulikuwa watu wa kiwanda cha Tisdale, kilichotengeneza pikipiki hapa Coventry mpaka kikafungwa, kama vilivyofungwa vya Rudge na Francis-Barnett, na kama yalivyotoweka magari ya Singer, Hillman, Riley na Alvis. Ambaye hakuwapo ni Bwana Percival Yardley. Yeye alilala ng'ambo ya barabara, katika nyumba ya wagonjwa ambao madaktari wamekwisha kuinua mikono, chumba cha juu, dirisha wazi.

Pikipiki yake ilisimama mbele ya benchi, nyeusi, imepigwa brashi. Ililetwa kwa gari la mizigo na binti yake, Maureen. Percy alikuwa ameomba jambo moja tu: aisikie ikinguruma mara moja kabla hajafa. Maureen alitaka kumwita fundi wa gereji ya jirani. Askofu akakataa katakata. Alisema Tisdale itawashwa na mikono ya Tisdale.

Basi Maureen akapanda kwa baba yake, na sisi tukabaki na pikipiki.

Askofu: Haya, Spoku. Piga kiki, mgonjwa anangoja.

Spoku: Mimi? Na goti hili? Mpe Jenerali, ana mapaja.

Jenerali: Nimalize chai kwanza.

Beryl: Chai hiyo hiyo ndiyo iliyoua kiwanda. Toroli la chai likipita tu, mashine zote kimya, kana kwamba anapita maiti.

Spoku: Toka hapa na uzushi wako! Kiwanda kiliuawa na kitufe. Mjapani kaweka kitufe, unabonyeza kwa kidole, injini inaamka. Sisi tukasema, aa, mwanamume hupiga kiki. Wanaume wakachoka miguu, wakaenda kwa Mjapani.

Jenerali: Kitufe nini, bwana! Oili. Sisi kasha la injini tulilipasua wima, vipande viwili, oili ikaona mlango, ikatoka. Mjapani kalipasua kwa ulalo, kama unavyokata mkate utie nyama. Oili ikatulia ndani. Mke wangu alinikataza nisije nikaleta Tisdale pale uani. Alisema nikitaka kitu cha kujikojolea pale, ninunue mbwa.

Askofu: Usitukane. Kuvuja kulikuwa ushahidi. Mashine isiyovuja utajuaje kama ina oili?

Beryl: Wanaume hamjui kitu. Walioua pikipiki ni mama wakwe.

Spoku: Hebu tusikie.

Beryl: Zamani mtu akioa anafunga kigari cha ubavuni. Mke nyuma, mama mkwe kigarini na kofia yake, mvua inampiga mpaka pwani na kurudi. Yakaja magari madogo ya bei nafuu. Mama mkwe kakaa mara moja kiti cha nyuma, mkavu, na peremende mdomoni. Unadhani yupo wa kumrudisha kigarini? Waligoma nchi nzima.

Spoku: Wangu alianza kugoma kabla sijaposa.

Askofu alipiga bakora yake chini, ishara kwamba mahubiri yamewadia.

Askofu: Nyote mnapapasa. Kosa lilikuwa majina. Walimaliza majina ya ndege, wakamaliza ya miungu ya Wagiriki, wakamaliza na ya mito. Magari ya Humber, Humber si mto? Siku moja mkurugenzi kaamka asubuhi, jina hana. Kitu kisicho na jina utakiuzaje?

— Humber ni jina la mtu, nilisema. Thomas Humber, mwenye kiwanda.

Askofu: Karani, usituharibie.

Spoku: Basi mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Walikuja Wajapani na kamera, wageni wa mkurugenzi, wapole, wanainama. Mmoja akaacha mashine zote, akapiga picha birika la chai. Nikamcheka! Mwaka uliofuata inatoka pikipiki yao, tangi lina umbo la birika. Na haivuji!

Jenerali: Birika lenyewe lilikuwa linavuja.

Spoku: Ndiyo maana nasema ni werevu!

Tulikuwa tungali tukicheka Maureen alipovuka barabara.

— Baba anauliza mnangoja nini.

Spoku alianza kukagua gurudumu la mbele, na Jenerali akachungulia kikombe ambacho kilikuwa tupu.

Maureen: Kuna anayejua kuiwasha?

Beryl ndiye aliyesema ukweli.

— Mwanangu, sisi tulizitengeneza. Kuziwasha ilikuwa kazi ya baba yako.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, anakifanya kutwa kisha anakisogeza mbele. Mwisho wa mstari alisimama Percy Yardley, mjaribu wa kiwanda, na hakuna pikipiki iliyotoka getini kabla ya kupigwa kiki na mguu wake.

Maureen: Lakini nyumbani mlikuwa mnapanda nini?

Spoku: Mimi basi.

Jenerali: Baiskeli.

Askofu: Honda.

Beryl: Askofu!

Askofu: Ilikuwa ya shemeji.

Maureen alitutazama kama mama anavyotazama sakafu baada ya watoto kupita na matope. Akasema baba yake amezidiwa tangu alfajiri, na kwamba kama ni kujaribu, tujaribu sasa. Akarudi juu mbio.

Tukajaribu. Spoku alipiga kiki, goti likalia kuliko injini. Jenerali akapiga, kiki ikarudi juu kwa hasira nusura imng'oe kiatu. Beryl alivuta kila kilichovutika. Jenerali akapiga tena, na safari hii pakatoka mshindo mmoja na moshi wa buluu, njiwa wakaruka juu ya paa, kisha kimya.

Maureen alichomoza kichwa dirishani.

— Baba anasema nyinyi ni wapumbavu! Fungueni koki ya petroli!

Askofu akanigeukia.

— Karani, koki iko wapi?

Niliijua kwa namba yake ya stoo. Mahali ilipofungwa sikupajua. Beryl alipapasa chini ya tangi, chini kabisa ya mistari ya dhahabu ya Askofu mwenyewe, akaipata.

— Baba anasema sasa bonyezeni kile kipini cha kabureta, mpaka petroli iloweshe kidole! Kisha kiki moja tu, taratibu mpaka igome, halafu kwa nguvu!

Jenerali alifunga vizuri kilemba chake, akapanda, akakanyaga.

Ilinguruma. Benchi lilitetemeka, vijiko vikacheza ndani ya vikombe, na oili ikaanza kudondoka papo hapo. Spoku alikuwa akipiga kelele kwamba ni magurudumu yake, Askofu akidai ni sala yake. Pale dirishani ulitokea mkono mwembamba, ukakunjwa ngumi, ukazungushwa polepole kwenda nyuma, kama ulioshika mpini wa pikipiki. Jenerali alielewa, akaongeza moto.

Tuliiacha ikinguruma. Baada ya muda alivuka muuguzi, msichana mpole mwenye sweta, ameziba masikio.

— Samahani, wazee wangu. Wagonjwa wengine wanataka kulala. Hii inazimwa vipi?

Sote tulijua. Ni kufunga koki ile ile tuliyoifungua. Spoku alitazama barabara. Beryl alifuta dirisha ambalo lilikuwa safi. Askofu, ambaye sijapata kumwona akikosa jibu, alivua kofia.

— Hatujui, mwanangu.

Msichana akanitazama mimi, pengine kwa sababu nilivaa tai.

— Hata wewe, mzee?

— Hata mimi.

Aliangalia pikipiki, akaangalia lile dirisha la juu. Akasema basi, atakwenda kufunga madirisha ya wengine.

Iliendelea kunguruma mpaka tangi likakauka. Bwana Percival Yardley alifariki kabla ya hapo.