Toa Mkono Mezani

Mheshimiwa Daktari Mkuu, wauguzi wetu, ndugu wagonjwa wenzangu wa magoti, na wewe mtaalamu wetu wa viungo unayestaafu leo: salamu zenu. Baba watoto anawasalimu, mama mkwe anawasalimu, wajukuu nao wamesisitiza nisiwasahau, na binti yangu fundi cherehani, ambaye hakuja.

Shuleni sikukaa sana. Nikibabaika, nivumilieni.

Siku ya kwanza nilipopanda mizani pale kwenye korido, niliegemea meza kidogo ili nionekane mwepesi. Nani kati yetu hakufanya hivyo? Msicheke, nawajua! Huyu bwana tunayemuaga akaniambia, "Mama, toa mkono. Meza haina goti." Tangu hapo tunamwita Toa-Mkono.

Nikambishia: "Kama shida ni uzito, mbona na vidole vya mikono vinauma? Navyo natembelea?" Akavuta kiti, akaketi. Akanieleza kwamba mafuta ya mwili hayakai tu kama gunia. Yanatoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri kwenye damu. Mmoja huuambia ubongo tumeshiba, lakini ukitumwa kupita kiasi, ubongo unaacha kuusikia. Ujumbe huohuo ukifika kwenye viungo unachochea uvimbe, na ule mto laini kati ya mifupa unazidi kulika. "Kwa hiyo si uvivu, mama," akasema.

Miaka yote niliitwa mvivu, na mwenyewe nikaamini. Siku ile nililia palepale.

Mwaka na nusu wa mazoezi, kilo tisa zimetoka. Maumivu hayajaisha, siwadanganyi, ila ngazi nashuka nikitazama mbele.

Sasa binti yangu ndiye anayeshuka kinyumenyume, ameshika ukuta, na arobaini hajafika. Jana nikamwambia, "Twende, mwanangu, kabla hajaondoka." Akajibu, "Kilo zangu zisomwe kwa sauti mbele ya foleni? Bora nitambae." Kisha akasema polepole, "Wakiingiza mizani ndani ya chumba cha matibabu, mama, nitakuja."

Mheshimiwa, ni mizani moja tu. Kutoka pale hadi mlango wa chumba ni hatua nne. Nimezihesabu kwa magoti haya.

Toa-Mkono, ulituambia tuachie meza, na tulipoyumba ukatushika. Nenda ukapumzike, umefanya kazi.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Ila jibu, Mheshimiwa, naomba upesi, hata kabla sijaketi: binti yangu ameweka simu juu ya cherehani, anangoja.