Mtu Aliyepotea Akiwa Amekaa

Benchi lenyewe lilikuwa mlango. Mlango wa zamani, bado una tundu la kitasa, umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi wa matairi, na wanaume wenye maneno mengi kuliko kazi walikuja kukaa juu yake kila alasiri kuiendesha nchi. Shemeji ndiye aliyewauzia kahawa. Walimwita shemeji kwa sababu mumewe alikuwa mwenzao; huyo mume walimwita Hakimu, maana ubishi ukichacha yeye ndiye aliyekata shauri nani kashinda. Miaka minne nyuma, enzi za serikali iliyopita, Hakimu alisema hapohapo benchini, tena kwa sauti, kwamba mabati ya shule yameezeka banda la ng'ombe wa mkubwa mmoja. Siku chache baadaye akaja kunywa kahawa, hakurudi nyumbani. “Amepotea, shemeji,” wakamwambia mkewe. “Sisi tulikuwa tumeshaondoka.” Wenzake watatu wa benchi, wote maneno yaleyale, kama watoto waliofundishwa shairi. Mwezi haukuisha, Shemeji akanunua birika na jiko la mkaa, akaja kuuza kahawa palepale. Alijiambia midomo ya namna ile haiwezi kuficha kitu milele, siku moja itateleza.

Sasa serikali mpya ilikuwa imeunda Tume ya kuichunguza serikali ya zamani, na Tume ilikuwa imepiga kambi kwenye ukumbi wa nyuma ya mahakama. Kesho inafunga. Shemeji alikwenda asubuhi, akakaa kwenye foleni, akamweleza kijana wa mezani habari yake yote. Kijana alikuwa na adabu, hata kiti alimpa.

“Mama yangu,” alimwambia, “kuna mtu aliyemwona akichukuliwa?”

“Wanasema hawakuona.”

“Basi naandika ‘alipotea’. Na waliopotea si kazi yetu, mama. Sisi tunashughulikia waliochukuliwa. Ukimpata hata mmoja aliyeona, mlete kesho.”

Alirudi kijiweni. Aliwasha jiko, akapanga vikombe, akawamiminia. Hakuwauliza kitu. Miaka minne ilimfundisha kwamba ukiwauliza, wanakumbuka kunyamaza.

— Mimi nasema hivi, — alianza Waziri. Hakuwahi kuwa waziri popote. Alikuwa tarishi serikalini, akastaafu, akabaki na tai na tabia ya kukohoa kabla ya kusema. — Serikali mpya ijenge barabara. Ukianza kufukua ya wenzako, kesho na wewe utafukuliwa. Tusameheane, twende mbele.

— Tusameheane nani na nani? — Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la maji, anatafuta tundu kwenye mpira wa tairi. — Mimi sijamwibia mtu. Wachunguzwe wote, mpaka mpishi wao.

— Mpishi kafanya nini?

— Si ndiye aliyewashibisha? Mtu mwenye njaa angepata wapi nguvu ya kuiba vile?

Mwenye tairi alikuwa dereva wa pikapu ya vitunguu, mpita njia tu, amekaa mwisho wa benchi na kikombe chake. Akacheka peke yake, kisha akaona wenzake hawatanii.

— Nyie mko nyuma sana, — alisema wa tatu wao. Huyu walimwita Redio, kwa kuwa alikuwa na habari kutoka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika. — Uchunguzi umefanyika zamani. Majibu yako kwenye sefu, na sefu imezikwa chini ya bwawa la kuogelea. Na yule mzee aliyekuwa akitutawala, mnayemwona kwenye televisheni akimwagilia maua, kwani ni yeye? Ni mdogo wake. Mwenyewe alishatoka nchini ndani ya jeneza la mtu mwingine.

— Na huyo mwenye jeneza akazikwa na nini?

— Na ndugu zake.

— Unaona sasa, — alisema Waziri, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa akilitetea. — Mambo kama hayo Tume itayaweza?

— Tume gani, — alisema Fundi. — Hawa hawachunguzi, hawa wanachungulia. Mtu anayechunguza anaingia ndani. Hawa wamesimama dirishani, wakiona kitu wanafunga pazia. Mimi ningepewa hiyo Tume, wiki moja tu, wale wakubwa wangetapika mpaka walichonyonya kwa mama zao.

Shemeji alimwongezea kahawa. Fundi ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, na kila alipopiga kelele Shemeji alipata matumaini ya kijinga, halafu akajichukia kwa kuyapata.

— Hungeweza, — alisema Redio. — Unajua magari yao yalivyokuwa? Yale yaliyokuwa yakibeba watu usiku? Meusi tititi, hayana namba, hayana hata dereva. Yanaendeshwa na mtambo kutoka angani. Mtu akiingia tu, kiti kinamfunga chenyewe.

— Acha kutia chumvi, bwana. Meusi wapi? — Fundi aliinua kichwa. Kwenye habari za magari hakuwahi kumwachia mtu. — Lile lililokuja hapa lilikuwa la kijivu.

— Jeupe, — alisema Waziri.

— La kijivu, mzee wangu.

— Jeupe lililochafuka. Mimi nilikaa huku, lilisimama pale.

— Mimi nashinda na magari nisijue rangi? La kijivu, taa ya nyuma imepasuka, na tairi la nyuma kipara kama goti. Nikasema moyoni, hawa hawafiki mbali. Na dereva alikuwepo, alikuwa anatafuna kijiti.

— Ulitaka afanye nini, — alisema Waziri, — alikuwa anamsubiri Hakimu amalize kahawa yake.

— Hakumaliza, — alisema Redio. Hakuna kitu kilichomuuma Redio kama habari kutolewa nusu. — Mnasema tu. Si alinipa mimi kikombe, akaniambia nishikie narudi sasa hivi? Kilikuwa nusu.

Birika lilikuwa mkononi mwa Shemeji, na alibaki amelishika hivyohivyo, moto unamchoma na haoni pa kuliweka. Miaka minne alikuwa akiingoja dakika hii, akidhani ikifika atalia, au atamshukuru Mungu. Hakulia. Aliwachukia tu. Aliwachukia wote watatu, na zaidi yao akajichukia mwenyewe kwa vikombe vyote alivyowamiminia.

— Samahani, — alisema dereva wa vitunguu, akiwaangalia mmoja mmoja. — Mimi mgeni hapa. Kwa hiyo mlikuwepo?

Waziri alikohoa.

— Na wewe umetumwa na nani? — aliuliza Waziri.

— Na tajiri wangu, nipeleke vitunguu.

— Kuwepo ni kitu kimoja, — alisema Waziri. — Kuona ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwepo na asione.

— Ila rangi uliiona.

Hapo ndipo Shemeji alipoliweka birika chini.

— Kesho Tume inafunga, — alisema. Sauti yake ilitoka ya chini, wakalazimika kunyamaza kuisikia. — Bila mtu aliyeona, mume wangu amepotea. Mtu mzima, amekaa, kikombe mkononi, amepotea. Nataka mmoja. Nani anakuja nami?

— Shemeji, presha yangu unaijua, — alisema Waziri.

— Redio?

— Mimi, nani ataniamini mimi? Nikisema mvua inanyesha watu wanaanika nguo. Nitakuharibia.

Lilikuwa neno la kweli, pengine la kwanza alilowahi kulisema pale, na alilitumia kukimbia.

— Fundi, shemeji yangu. Wewe ulisema wachunguzwe wote.

Fundi alikuwa ameona mapovu yakitoka kwenye tundu la tairi. Alilikandamiza kwa kidole gumba na hakukiondoa.

— Lile gari, — alisema polepole, — nimeliziba pancha juzi.

— Gari gani?

— Lile lile. Taa hawajabadilisha. Watu nao ni wale wale, dereva na kijiti chake. Wakanisalimia vizuri tu, wakanishukuru. Ndilo linalowaleta watu wa Tume, shemeji. Asubuhi lilikuwa limeegeshwa pale nje ya ukumbi, kivulini. Si ulipita pembeni yake kuingia? Sasa mimi niende nikamwambie nani nimeona nini? Nina watoto.

Shemeji alikumbuka kwamba alipita. Tena aliliegemea kidogo, foleni ilipomchosha.

Dereva wa vitunguu aliinuka, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Akauliza kama tairi lake liko tayari. Fundi akalishughulikia kwa haraka ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiona, akalifunga, pikapu ikaondoka. Waziri alinyoosha tai yake. Akasogeza kikombe chake mbele, akakohoa.

— Tuongezee kidogo, shemeji. Tuzungumze mengine.

— Kahawa imekwisha, — alisema Shemeji.

Birika lilikuwa mbele yao wote, bado lina kahawa tele, linafuka mvuke. Walikuwa watu wa kubisha hata saa ya ukutani, watatu hawa. Hakuna aliyebisha.