Venance Chilumba na Orodha Iliyomchelewesha Nyumbani

Marehemu Venance Chilumba alizaliwa Masasi tarehe 14 Machi 1982, mtoto wa kwanza wa fundi seremala ambaye baadaye alihamia Keko na familia yake. Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa hapa Temeke, kisha akachukua kozi ya kompyuta ya mwaka mmoja. Mengine alijifundisha mwenyewe. Wakati mdogo wake, Valerian, akiuandika wasifu huu, mjane Monica alikaa pembeni yake, na palipomsifu Margareta, karani wa ofisini kwa Venance, alifuta sentensi mbili nzima.

Venance na Monica walifunga ndoa mwaka 2010. Wakati huo Venance alikuwa ameshaajiriwa Kurasini, kwenye ofisi ya mawakala wa forodha, akitengeneza programu ya kufuatilia makontena. Orodha ya makontena kwenye skrini ilikuwa ndefu, na kila taarifa mpya zilipoingia ilirudi juu kabisa, karani akapoteza mstari aliokuwa akiusoma. Venance akaifanya programu ikumbuke mstari ule, kisha iurudie taratibu, ikipunguza mwendo kadiri inavyoukaribia, ili macho yasipate taabu. Mwanzoni alikosea: karani alipozungusha gurudumu la mausi, orodha nayo iliendelea kwenda inakotaka yenyewe, wakawa wanavutana. Ilimchukua miezi kuifanya imwachie karani njia mara tu anapoligusa gurudumu.

Miezi hiyo chakula kilipoa sana nyumbani. Monica aliona wivu, wala hafichi. Siku moja alijipamba, akatia wali kwenye hotpoti, akaenda kumwona huyo Margareta aliyekuwa akiijaribu programu kila jioni. Alimkuta mumewe ameinama, akimuuliza karani kwa upole kama sasa orodha inasimama vizuri au bado inamchosha.

"Mie nyumbani hujawahi kuniuliza kama nimechoka," alisema Monica mbele ya ofisi nzima.

Venance alicheka kwa aibu, akavuta viti, wote watatu wakaketi kula. Wali uliisha, lakini wivu Monica alirudi nao nyumbani.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua Venance. Wiki iliyopita, Venance akiwa amelazwa hospitali, Margareta alikuja na laptop: ofisi ilinunua skrini mpya na orodha ikaanza tena kuruka. Venance alinyoosha mkono aipokee. Monica akaifunga.

"Dada, ofisini mmekaa naye vya kutosha. Sasa ni zamu yangu mie."

Venance aliurudisha mkono, akamshika mkewe. Alifariki Jumanne ya wiki hiyo, alfajiri, Monica akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto wawili, Mauwa na Jerome, mama yake mzazi, mdogo wake Valerian, na programu ambayo hadi leo asubuhi ilikuwa bado inaruka. Margareta yupo hapa, ameketi na wafiwa. Ni Monica aliyemwita akae pale.

Mungu amjalie Venance pumziko la amani. Mjane ameagiza neno la mwisho liwe lake: hajutii kuifunga ile laptop, na leo anaionea wivu hata ardhi inayompokea mumewe.