Sanduku la Msimamizi

Bwana Mwenye Gereji, uliyetupa nafasi hii tumuage mwenzetu; Bwana Tatham wa shamba la mkonge, ambaye gari lako liko pale nje linang'aa; Mchungaji wetu; mafundi wenzangu wa Thika na wa tawi letu la Ruiru; akina mama mliotupikia; na wewe mama yangu, Wamboi, uliyepanda basi la asubuhi kutoka Gatongora bila kujua nimekuitia nini: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Mimi ni Ephantus Gachanja, msimamizi wa mafundi. Nimeambiwa nimsifu Mzee Kaleli, mtunza stoo wetu, anayestaafu leo baada ya miaka ishirini na saba. Hotuba ya kumsifu ninayo, karatasi mbili za Kiswahili safi, na itabaki huko huko mfukoni. Sifa nitakazotoa leo zitaniuma mimi kabla hazijamfikia yeye. Mnivumilie, kwa sababu jambo hili nimelimeza muda mrefu na sasa limekataa kushuka.

Gari lile mnalijua. Baba yake Bwana Tatham alilipokea Mombasa mwaka wa 1913, likiwa na taa mbili za shaba za mafuta, moja kila ubavu. Mwaka wa 1934 lililetwa hapa likafungwa taa za umeme, na zile za zamani zikaingia stoo, maana sheria ya gereji hii haijabadilika: kifaa kikitolewa kwenye gari kinafungwa kikaratasi na kuwekwa, hata kiwe takataka namna gani. Mwaka jana Bwana Tatham akasema analitaka gari kama marehemu baba yake alivyolipokea. Honi ya mpira tukaipata Nairobi. Saa ya mbele tukaitengeneza wenyewe. Tulipofungua stoo kutafuta taa, tukakuta moja.

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa nani? Kwa Kaleli. Na ni nani aliyesema mbele ya watu wote, "Muulizeni mwenye ufunguo"? Ni mimi. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa sita kabla ya kwenda nyumbani, Kaleli amekuwa akimwaga sanduku lake la vyombo hapa sakafuni, spana kwa spana, sisi tumesimama tukitazama. Miezi kumi na minne, mzee mwenye mvi anainama kuokota bisibisi zake. Wengine mlicheka, msijifanye hamkucheka. Na aliyekuwa akimwambia, "Haya, rudisha," ni mimi.

Barua zikaenda Mombasa, zikaenda mpaka Uingereza, na jibu likawa lile lile: taa hizo hazitengenezwi tena. Ndipo Kaleli akaomba ruhusa aitafute mwenyewe. Mnajua amri za hali ya hatari zilivyo. Sisi Wakikuyu, hata kufika Ruiru ni mpaka pasi itiwe sahihi; yeye Mkamba angeweza kupita. Alitia ile taa moja kwenye gunia, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaenda Juja, Ruiru, Gatongora, nyumba kwa nyumba, akiitoa na kuuliza kama kuna aliyemwona pacha wake. Jumapili zake zote baada ya kanisa ziliishia huko. Alikuwa akilipia kwa miguu yake kosa la mtu mwingine.

Taa aliipata. Aliiweka mezani akasema, "Nimeipata upande wa Ruiru," akarudi stoo. Kioo chake kilikuwa kimefungwa kwa waya, kwa sababu pete ya shaba inayokishika haikuwepo, na ndiyo maana hata leo gari la Bwana Tatham limesimama pale nje na waya ubavuni. Gereji nzima ikasema mwizi amerudisha, nami nikaitikia. Nikamwandikia hata barua ya tabia, ile anayotakiwa kuionyesha Kangundo, ambako kanisa lao linatafuta mtu wa kutunza stoo: "Kazi anaijua. Kuhusu uaminifu wake siwezi kusema." Niliandika kwa mkono huu.

Bwana Tatham, taa ile Kaleli aliitoa nyumbani kwa mama yangu.

Mama, usiinamishe kichwa. Wa kuinama ni mimi. Nilikuwa fundi mchanga, na wewe ulikuwa ukishona kwa koroboi mpaka macho yanatoka maji kwa moshi. Nikaitoa taa stoo, nikaificha ndani ya koti. Nilikuambia mwenye gereji amenizawadia kwa bidii yangu, ukaniwekea mkono kichwani ukaniombea baraka. Ile pete ilikuwa na jina la kiwanda na nambari, nikaing'oa isije ikanifichua. Siku tulipovunjiwa nyumba kwa amri hizo hizo tukahamishiwa kijijini, ulitoka na taa ile kwanza, sufuria baadaye, kwa sababu ilitoka kwa mwanao mwema. Naona haya, Mama. Naona haya kukutazama.

Husemwa siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa miaka ishirini na minne, na nikapandishwa cheo juu yake.

Wiki iliyopita nilimfuata Kaleli stoo nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Alikuwa akipanga boliti. Akasema bila kuniangalia, "Nilifika kwa mama yako nimechoka, akanipa uji kabla hajaniuliza jina. Akasema taa amepewa na kijana wake, fundi mkubwa wa Thika. Sasa, Gachanja, mtu atakunywa uji wa mama halafu amwambie kijana wake ni mwizi? Nikamwambia mwenye gari anaihitaji, nikamwachia taa yangu mwenyewe badala yake."

Nikamwuliza, "Na jina lako je?"

"Jina langu mimi nalijua. Nilifikiri wewe utalirudisha mwenyewe."

Amengoja karibu mwaka mzima. Jamani, ni nani kati yetu angengoja hata wiki?

Barua ya tabia nimeiandika upya. Naomba Bwana Mwenye Gereji aitie sahihi yeye, maana jina langu halifai kusimama chini ya neno uaminifu. Adhabu yangu iko mikononi mwenu, mabwana, na sitaikimbia.

Limebaki moja. Desturi yetu ni kwamba sanduku la msimamizi halikaguliwi. Ndiyo maana taa ya gari lile inashikwa na waya, na pete yake iko hatua kumi tu kutoka pale. Leo ni Jumamosi, na saa sita imefika. Sanduku langu ni hili hapa mezani, ufunguo ni huu. Chini kabisa, ndani ya kitambaa chenye mafuta, kuna pete ya shaba, na wa kuirudisha kwenye taa ni wewe, Mzee Kaleli.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho, ingawa hamkuja kusikia haya. Mzee Kaleli, lichukue sanduku ulimwage hapa sakafuni, mama yangu akiona. Spana nitaokota mimi.