Yosefu Niliyemutunga

Bandugu na bamama wa parokia ya Katuba, muniache nisimame. Nikikaa, roho inanisumbua zaidi.

Nilikuwa katekista mu kambi ya bantu wa mugodi. Padri alinipa kazi kubwa: mugonjwa akiwa karibu kufa, anaomba ubatizo, na padri iko mbali, miye nimubatize. Siku moja ya Mungu, mama mumoja alituma muntu kuniita. Bwana yake alikuwa mugonjwa sana, anaomba maji ya ubatizo. Miye nilikuwa ku mupira, kambi yetu na kambi ya reli. Nilijibu, "Niko nakuja." Munajua ile "niko nakuja" yetu: kinywa kinakuja, miguu inabakia.

Mupira ulipoisha, nilienda. Mama alikuwa ametoka kunitafuta kwa njia ingine. Nilikuta bwana yake amekwisha kufa, peke yake. Mama akaingia, akaniona na maji mu mukono. Akauliza kama nimemubatiza.

Nilisema, "Ndiyo. Jina yake ni Yosefu."

Ndugu zangu, nawaambia, uvivu ulizaa uongo, na uongo ulitaka kula kila siku. Tulimuzika Yosefu. Misa ilisomwa kwa Yosefu. Mama aliniletea kuku ya kunishukuru, na ile kuku ilikataa kushuka mu koo. Muntu akiita Yosefu mu njia, nilishituka. Na komunyo nilikuwa napokea, na uongo wangu mu kinywa. Niliogopa sana.

Kisha mama, bwana yake alimuacha na mimba, alizaa mutoto mwanaume. Alikuja kuniomba nisimame parrain, baba yake wa ubatizo, na mutoto aitwe Yosefu kama baba yake. Pale nilishindwa. Nilimwambia yote.

Aligeuza mutoto ku ziwa ingine. Halafu akasema, "Bwana yangu aliomba, Mungu alimusikia. Ule wewe ulidanganya ni miye."

Nililia mbele yake. Nilienda kumwambia padri, akanitoa mu kazi, na ilikuwa haki. Kisha ni ule mama mwenyewe alienda kuniombea kwake, na padri akanirudisha mu kazi. Ninamushukuru, na padri pia, sababu sikustahili.

Bandugu, kazi ya Mungu ukiiacha, haikungoji pale. Shetani anakupa ingine. Leo, muntu akija kuniita ku mulango ule, mutaniona natoka bila kuaga. Musinikasirikie.