Kidoti cha Buluu Karibu na Daraja

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, chini ya bati lililotobolewa na misumari ya mabango ya zamani. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne: Wembe, mwenye duka; Setilaiti, fundi simu wa jirani; Mzee Gia, dereva wa malori aliyestaafu; na mimi, ambaye wenzangu huniita Mpima kwa sababu nilifundisha upimaji ardhi chuoni. Nilianza kunywa kahawa hapo baada ya mke wangu kufariki, maana nyumbani bado sijajua kupika ya mtu mmoja. Siku hiyo utani ulikuwa mchache. Juzi yake gari la jeshi alilopanda mtoto wa Mzee Gia lilikuwa limeshambuliwa huko mpakani, na jeshi lilikuwa halijataja majina.

— Nimepigiwa simu alfajiri, alisema Mzee Gia. Rafiki yake mwanangu, yule anayekaa chumba cha makamanda. Kaniambia, “Mzee, gari lao bado naliona kwenye ramani.”

— Ramani ipi? aliuliza Wembe. Ya ukutani?

— Ya ukutani ya wapi, Wembe! alisema Setilaiti. Ni programu. Kila gari lina kifaa, kifaa kinatuma habari za mahali lilipo, kamanda anaona kwenye kioo. Wetu vidoti vya buluu, adui vyekundu.

— Ndivyo alivyosema, Mzee Gia aliitikia. Kidoti cha buluu, karibu na daraja.

Wembe alijipiga paja.

— Basi kijana mzima! Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Lake lipo, kwa hiyo yupo.

— Methali hiyo umeigeuza kama shati, nilisema.

— Shati likigeuzwa si bado linavalika, Mpima?

Mzee Gia alitabasamu kwa adabu. Kikombe chake hakuwa amekigusa.

— Tena vifaa vya siku hizi vinasikiliza moyo, alisema Setilaiti. Moyo ukisimama, kidoti kinazimika chenyewe.

— Umeviona wapi? nilimuuliza.

— Saa ya mkononi tu inahesabu mapigo, sembuse mtambo wa jeshi?

— Na kile kioo, Wembe alidakia, kinamwona adui kabla mwenyewe hajajua anakokwenda. Kamanda yuko kitini, anabonyeza, bunduki ya adui inagoma kulia. Mnacheza na jeshi nyie!

— Inagoma kabisa, alisema Setilaiti, ambaye dakika moja kabla alikuwa hajaisikia habari hiyo.

— Ndiyo maana kijana katulia pale darajani, alimalizia Wembe. Mwenda pole hajikwai.

Mzee Gia alinigeukia.

— Mpima, wewe umesomea ramani. Sema wewe.

Nilijua la kusema. Ramani ya namna ile huonyesha mahali kifaa kiliposikika mara ya mwisho. Kifaa kikinyamaza, alama inaweza kubaki palepale. Jambo hilo nimelifundisha kwa chaki, mbele ya watu waliokuwa wakisinzia.

— Hiyo ramani sijaiona, nilisema. Siwezi kuisemea.

— Mmesikia? alisema Wembe. Hata Mpima hajapinga.

Ndipo akaja mkwewe Mzee Gia, mke wa yule kijana, mtoto kamfunga mgongoni. Alitusalimia wote, mmoja mmoja, kisha akasimama mbele ya baba mkwe wake.

— Mama kasema umepigiwa simu.

— Nimepigiwa, mwanangu. Gari lao linaonekana. Kidoti chake kipo, karibu na daraja.

— Kinatembea?

Setilaiti aliinamia simu yake. Wembe alikuwa akitazama ndani ya duka lake, ambamo hapakuwa na mteja.

— Hakusema, alijibu Mzee Gia.

— Ulimuuliza?

Mzee huyu aliendesha malori maisha yake yote. Akisikia gari la mwenzake limechelewa, hata kabla ya salamu huuliza: linatembea au limesimama?

— Sikumuuliza.

— Kwa nini, baba?

Mke wangu alipolazwa nilimuuliza daktari jina la kila dawa na kazi yake. Swali moja sikuliuliza, ingawa daktari alibaki amesimama mlangoni akilingoja.

Mkwe alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akanyoosha mkono.

— Nipe simu, nimpigie mimi.

Mzee Gia aliitoa mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha mkwe. Lakini vidole vya mzee havikuiachia.

Mkwe hakuivuta. Alisimama, wote wawili wameishika, akamsubiri.